Kwa Nini Sauti Hupotea Mchana

Nchi ya Dagahaley, katika Kaunti ya Garissa, ni tambarare yenye mchanga na miti ya miiba. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo mwaka 1992, lakini kengele ya mti ya ngamia, ambayo Wasomali huiita koor, ni ya tangu zamani. Wachungaji walijua jambo hili: alfajiri kengele husikika kutoka mbali, saa saba mchana kengele ile ile huwa kama imenyamaza, ingawa ngamia yu karibu. Mtu aweza kudhani kuwa masikio yamechoshwa na jua. Sivyo, sababu imo hewani.

Jua likiwaka, mchanga hupata moto na kuipasha hewa iliyo juu yake. Hewa ya moto hupanda kwa mafungu, na iliyo baridi zaidi hushuka mahali pake, zikazungukana kama uji uchemkao chunguni. Sauti huenda mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, lakini katika hewa ya moto huenda upesi zaidi. Kwa hiyo wimbi la sauti lipitapo katika mafungu hayo, sehemu yake hutangulia na sehemu hubaki nyuma. Wimbi huvunjika na kutawanyika huku na huku. Tena, kwa kuwa joto ni kali zaidi karibu na ardhi, sauti hupindwa kwenda juu, ikampita msikilizaji kichwani. Kimfikiacho ni mabaki tu, mara yenye nguvu, mara hafifu.

Usiku ardhi hupoa, hewa hutulia, na sauti hupindwa kurudi chini.

Mwaka 1873 mtaalamu John Tyndall alizijaribu pembe za kuwaonya mabaharia katika pwani ya Uingereza. Watu waliamini kuwa ukungu ndio uzuiao sauti. Tyndall aliona kwamba siku nyeupe isiyo na ukungu yaweza kuizuia zaidi.

Basi amtafutaye mtoto au mnyama aliyepotea mchana asiseme, “Nimeita, sikujibiwa, hayuko huku.” Watafutaji na waende karibu karibu, waite mara nyingi, wala wasingoje usiku. Wasipofanikiwa, alfajiri warudi kusikiliza pale pale walipopita jana. Kimya cha mchana si ushahidi.