Shule tumejenga, sasa tuwabakize mabinti zetu

Karibu kila kata ya Tanzania ina watu wazima wanaokumbuka walivyobeba mawe. Mwaka 2004 serikali ilipoanzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, na miaka michache baadaye msukumo ulipokuja kwamba kila kata iwe na sekondari yake, sisi ndio tuliofyatua matofali. Tulichota mchanga mtoni, tukachangishwa kaya kwa kaya, mtendaji akatuandika majina daftarini. Wapo waliolalamika sana. Lakini madarasa yalisimama, na leo watoto wa wakulima, wavuvi na wafugaji wanafanya mtihani wa kidato cha nne kwao, wakati zamani ilikuwa lazima uchaguliwe kwenda Korogwe, Tabora au Weruweru ndipo uitwe mwanafunzi wa sekondari.

Naandika kwa sababu kazi ile tuliiachia njiani. Darasa lipo, mwalimu yupo, na binti aliyepangiwa nafasi yake hayupo. Kumtafuta na kumrudisha ni kazi ya kata ileile iliyobeba mawe.

Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa, na mwaka wa fedha 2022/23 ikafutwa ya kidato cha tano na cha sita. Ni jambo kubwa, na wanaolibeza wamesahau jinsi watoto walivyokuwa wakirudishwa nyumbani kwa ada. Kilichobaki ni mambo ambayo waraka hauwezi kuyafuta: umbali, njaa ya mchana, sare, viatu, pedi na mahali pa kulala.

Nenda kwenye sekondari ya kata iliyo mbali na lami, uliza wanafunzi waliopanga wanakaa wapi. Utapelekwa kwenye mageto. Chumba nilichokaribishwa katika kata moja ya Handeni kilikuwa cha wasichana watatu wa kidato cha pili. Kitanda kimoja cha futi tatu na nusu, mkeka umekunjwa pembeni, jiko la mkaa karibu na mlango, ndoo ya unga imefunikwa kwa sahani, sare zinaning'inia kwenye misumari. Kitasa kilikuwa kimeharibika, kwa hiyo usiku waliufunga mlango kwa kipande cha nondo. Ijumaa jioni hutembea kurudi kwao kuchukua unga na maharage, Jumapili hurudi navyo kichwani. Unga ukiisha Alhamisi, Ijumaa wanakwenda darasani na maji tumboni. Vyumba vya jirani wamepanga vijana wachoma mkaa, na mtu akigonga usiku mabinti huzima taa wakakaa kimya mpaka aondoke. Walinieleza hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wanaosimulia ratiba ya vipindi.

Wasio na geto wanatembea. Mstarini unatakiwa uwepo kabla ya saa moja na nusu asubuhi, kwa hiyo anayekaa kilomita 10 kutoka shuleni huondoka nyumbani saa kumi na moja, giza halijatoka. Jioni anarudi kwa njia hiyohiyo, na kuni na ndoo ya maji vinamsubiri. Kaka yake anatembea umbali huohuo, ila yeye akifika nyumbani anakaa chini. Njiani ndipo lifti ya bodaboda inapoanzia, halafu chipsi, halafu simu ya zawadi. Tumezoea kusema binti ana tamaa. Mimi nakataa. Mtoto mwenye njaa aliyetembea saa mbili akipanda pikipiki, wa kuulizwa ni mtu mzima aliyemdai malipo ya mwili wake, na sisi wengine tuliokuwa tukimwona akipita kila alfajiri tukanyamaza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, wapatao 22 walikuwa wameshapata mimba. Wengine walishaacha shule kabla, ni kweli, lakini tujiulize waliachaje.

Katika kata ile ya Handeni kipo kikundi cha watu wa kawaida kabisa. Hakina ofisi, hakina gari, hakuna anayelipwa. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, mweka hazina ni fundi cherehani, na wengine ni mama lishe, dereva wa Noah, mzee wa msikiti, na dada wawili waliomaliza kidato cha nne hapohapo. Kazi yao kubwa haihitaji hela nyingi. Kila Ijumaa mmoja wao anapita shuleni, na mwalimu wa malezi anamsomea kutoka daftari la mahudhurio majina ya wasichana waliokosa siku tatu mfululizo. Jumamosi watu wawili wanakwenda hadi nyumbani. Wawili, na mmoja wao lazima awe mwanamke. Mara nyingi wanakuta sababu ndogo kiasi cha kuumiza moyo: kiatu kimekatika soli, bibi anaumwa na hakuna wa kumwangalia, hedhi imeanza na hana kitu cha kujistiri. Kiatu kinashonwa wiki hiyohiyo. Wakikuta posa, wanarudi na mtendaji wa kijiji na ofisa ustawi wa jamii.

Siku tatu ndiyo siri yao. Msichana aliyekosa siku tatu bado anajiona mwanafunzi, daftari zake ziko chini ya mto. Akishakosa mwezi, amekwisha kuzoea kuitwa msaidizi wa kazi, na wenzake wamefika mada asizozijua. Shule inaweza kuandika barua, na barua inaweza kumfikia mzazi baada ya wiki kadhaa. Jirani anafika kesho yake.

Yule fundi cherehani anashona taulo za kufua kwa flaneli, zenye kitambaa kisichopitisha maji katikati, na amewafundisha wasichana kushona za kwao. Mwaka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata ikairudisha kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Binti wa kijijini hakuonja nafuu ile hata kidogo. Flaneli na cherehani vimemfaa zaidi, mradi shule ina maji na choo chenye mlango unaofungwa, na hilo nalo ni jambo ambalo fundi mmoja wa kijiji na mifuko michache ya saruji wanaweza kulimaliza.

Kuhusu chakula cha mchana wamejifunza jambo ambalo ningependa kila kamati ya shule ilisikie: msidai mchango Januari. Januari ghala ni tupu, mzazi ana sare na madaftari mbele yake, na hata mwenye nia njema hana kitu. Wao wanapita Julai na Agosti, mahindi yakiwa yametoka shambani, na kila mzazi anatoa madebe yake ya mahindi na maharage kwa hiari. Yanahifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na makande yanapikwa hadi mwisho wa mwaka. Mtoto aliyekula mchana anasikiliza kipindi cha saa nane. Pia ana sababu moja pungufu ya kuitikia mluzi wa njiani.

Wapo watakaosema kikundi kidogo namna hiyo hakifiki popote. CAMFED, shirika ambalo leo linafanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika ikiwemo Tanzania, lilianza mwaka 1993 kwa kuwasomesha wasichana 32 nchini Zimbabwe, na sehemu ya pesa za mwanzo mwanzilishi wake Ann Cotton na wenzake walizipata kwa kuuza keki sokoni Cambridge. Kabla ya hapo Cotton alikuwa amekwenda Mola, kijiji cha mbali sana nchini Zimbabwe, akaambiwa kama tunavyoambiwa sisi, kwamba wazazi hawataki mabinti wasome. Alikuta wasichana waliotoka mbali sana wakijikimu kwenye vibanda karibu na shule, na wazazi ambao tatizo lao lilikuwa umaskini. Mageto ya Mola na ya Handeni ni ndugu. Mwaka 1998 wasichana waliokwisha kusomeshwa na CAMFED walianzisha umoja wao, na wao sasa ndio wanaowasaidia wadogo zao. Mnyororo huo ndio ninaoutamani kwetu, ukianzia na pesa zetu wenyewe.

Maana kuchanga tunajua. Harusi moja ya mjini ina mwenyekiti, katibu, kadi za ahadi, kundi la WhatsApp na vikao vya kila Jumapili kwa miezi mitatu. Msiba ukitokea, kabla jua halijazama daftari la rambirambi limejaa. Wenyeji wa kata moja walioko Dar es Salaam, Dodoma, hata Muscat au London, wana vyama vyao vya kuzikana. Naomba vyama hivyohivyo viweke kwenye ajenda wasichana wa sekondari ya kwao, majina yao na mahitaji yao. Jumuiya ndogondogo za kanisa na misikiti zinaweza kutenga sadaka ya siku moja kila muhula. Mwenye nyumba anayepangisha wanafunzi atengeneze kitasa wiki hii, na asichanganye mabinti wa shule na wapangaji wanaume kwenye korido moja. Viongozi wa vijiwe vya bodaboda, mnawafahamu kwa majina wenzenu wanaowavizia wanafunzi, na kijiwe kikimtenga mtu anasikia kuliko mahubiri. Na ninyi mabinti mliomaliza kidato cha nne na cha sita mkarudi nyumbani bila kazi, mnahitajika kuliko mnavyodhani, kwa sababu msichana wa kidato cha kwanza atakuambia wewe jambo ambalo mwalimu mstaafu hatalisikia kamwe.

Kata nyingi zitataka kukimbilia bweni. Ni sawa, na Mamlaka ya Elimu Tanzania, inayosimamia Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, imesaidia kujenga mabweni ya wasichana sehemu mbalimbali. Lakini naomba tusijenge kwa pupa. Juni 1994 bweni liliungua katika sekondari ya wasichana ya Shauritanga, Rombo, na zaidi ya wasichana 40 walikufa. Bweni liwe na milango miwili inayofunguka kwa nje, madirisha ambayo mtoto anaweza kutokea, matroni anayelala humohumo, na funguo ambazo haziondoki na mtu kwenda nyumbani kwake. Kama pesa za hayo yote hazijapatikana, pangeni nyumba moja nzima karibu na shule, mwekeni mama mmoja wa kuaminika akae na watoto, na mmalize tatizo la mageto hata kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa.

Wapo wengine tunaowasahau haraka, mabinti waliokwisha kuzaa. Tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi kwenye shule zao, ndani ya miaka miwili tangu walipoacha, na wanaopenda njia nyingine wanapokelewa kwenye vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ruhusa ipo, ila kichanga hakina wa kukibeba kati ya saa moja asubuhi na saa tisa. Bibi ana shamba. Hapo kikundi kinaweza kumtafuta mama wa jirani wa kukaa na mtoto kwa posho ndogo, na kumwomba mkuu wa shule ampe binti nafasi ya kunyonyesha. Na jambo moja zito: tuache kumalizana kienyeji. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na kila familia inayopokea mbuzi na laki mbili ili shauri lisifike polisi inamwambia binti yake bei yake. Vilevile kwenye posa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani kuipinga, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019. Mzazi mwenye akili hasubiri Bunge libadilishe sheria ili amkatalie mshenga.

Kwa wenye nia ya kuanza, anzeni kwa usafi. Jisajilini halmashauri kupitia idara ya maendeleo ya jamii, mkuu wa shule na mtendaji wa kata wajue mnachofanya. Mchango uwe wa hiari kweli, asije mwanafunzi akazuiwa mlangoni kwa sababu mzazi wake hakutoa debe. Hesabu zisomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, hadi senti ya uzi na sindano. Na kamera ibaki mfukoni. Msichana aliyepewa pedi halafu akapangwa mstari apigwe picha ameshikilia paketi, amelipishwa. Mfadhili anayedai picha hiyo aelezwe kwa heshima, na akishikilia msimamo wake, arudishiwe pesa zake.

Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hutoka kabla ya Krismasi, na shule hufunguliwa Januari. Kaeni watu watano tu kabla ya hapo, kwenye baraza ya mtu au chini ya mwembe wa ofisi ya kata. Wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa nendeni kwa mkuu wa shule, mwombeni orodha ya wasichana waliopangiwa pale na orodha ya walioripoti. Wekeni alama kwenye majina ambayo hayapo kwenye ile ya pili, ulizeni kila mmoja anatoka kitongoji gani, kisha gawaneni njia. Jumamosi hiyohiyo muwe mmebisha hodi.