Mgeni wa Kipupwe na Ng'ambo za Mombasa

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii hutajwa sana panapozungumzwa habari za utalii katika pwani ya Kenya, na mara nyingi hutajwa kana kwamba maana yake imekwisha kutimia. Hata hivyo, yanabaki maswali mawili yanayostahili kujibiwa. Mgeni aje lini? Na mwenyeji anayetarajiwa kupona ni nani? Mjini Mombasa, swali la kwanza limejibiwa kwa miaka mingi na watu wasioishi pwani, na kwa sababu hiyo jibu la swali la pili limepotea njiani.

Anayenuia kuzuru mji wa joto wa bara Asia, kama vile Mumbai au Bangkok, hushauriwa aende kati ya Novemba na Februari. Ushauri huo ni wa haki. Katika miezi hiyo mvua kubwa zimekwisha, jua halijawa kali, na upepo unaotoka nchi kavu ya Asia huleta ukavu na ubaridi kiasi. Mjini Mumbai, usiku wa Januari joto hushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi. Ubaridi na ukavu huja kwa pamoja, na mgeni hupata yote mawili kwa nauli moja. Isitoshe, miezi hiyo ndiyo ya baridi kali huko Ulaya, wakati ambapo watu wa huko hutamani kukimbia kwao. Majira ya mwenyeji na haja ya mgeni vimekutana.

Kosa lilianza pale wafanyabiashara wa safari walipozitia pwani zote za joto katika kapu moja. Mombasa iko nyuzi nne kusini mwa Ikweta, na upepo ule ule unaoipoza Mumbai huifikia Mombasa ukiwa na sura nyingine. Baada ya kuvuka bahari yenye joto hugeuka kuwa kaskazi, upepo ambao kwa karne nyingi uliyaleta majahazi ya Bara Hindi, Ghuba na Arabuni katika bandari za Waswahili. Mabaharia waliushukuru kwa sababu uliwafikisha. Lakini mtu aliyekaa nchi kavu anaujua kwa fukuto lake. Mwezi wa Februari na Machi joto la mchana mjini Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na usiku hauleti nafuu kubwa. Kwa hivyo, upepo mmoja ni faraja Mumbai na ni jasho Kisauni.

Ubaridi wa Mombasa huja na kusi. Mvua za masika, ambazo wazee wengi wa pwani huziita mwaka, huwa nyingi zaidi mwezi wa Mei. Zikishapungua, kipupwe huingia Juni na kuendelea hadi Agosti, kisha hufuata demani, upepo wa kusi unapolegea. Mwezi wa Julai na Agosti joto la mchana huwa kama nyuzi 27 au 28, na usiku hukaribia nyuzi 20. Ni lazima pia ukweli usemwe wote: kipupwe si majira makavu kabisa. Manyunyu ya asubuhi yapo, na miezi mikavu zaidi ya Mombasa ni Januari na Februari, yaani miezi ile ile ya joto. Ubaridi na ukavu, vinavyoandamana Mumbai, vimeachana Mombasa. Mgeni hana budi kuchagua kimoja. Mpaka sasa wengi wamechaguliwa ukavu bila kuulizwa, na wakaambiwa kwamba huo ndio msimu.

Neno "msimu" lenyewe lina historia inayofaa kukumbukwa hapa. Limetokana na Kiarabu, na asili hiyo hiyo ndiyo iliyowapa Wazungu jina lao la pepo hizi za bahari. Kwa Mswahili wa zamani, msimu ulikuwa upepo wa kusafiria pamoja na biashara iliyoandamana nao. Leo mfanyakazi wa hoteli akisema msimu umeisha, hana maana kwamba upepo umegeuka. Ana maana kwamba vitanda ni vitupu na kwamba huenda akaambiwa akae nyumbani hadi atakapoitwa tena. Neno la bahari limekuwa neno la kalenda ya likizo za watu wengine.

Hapo ndipo ng'ambo zinapoingia. Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na nchi kavu pande tatu: Likoni kusini, Changamwe magharibi, na Kisauni kaskazini. Mwenyeji hasemi "bara" anapozitaja, kwa kuwa bara kwake ni mbali, ni nchi ya juu. Yeye husema ng'ambo. Hakuna mgeni anayefika Mombasa kwa nchi kavu au kwa ndege bila kukanyaga ng'ambo. Uwanja wa ndege wa Moi uko upande wa Changamwe. Garimoshi la reli mpya iliyozinduliwa mwaka 2017 huishia Miritini, upande huo huo. Aendaye Diani kutoka kisiwani huvuka Likoni kwa feri, na aendaye Bamburi au Shanzu hupita daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980. Ng'ambo ni mlango wa Mombasa kila upande, lakini mgeni huupita mlango bila kuwasabahi waliomo nyumbani.

Waliomo ni wale wale watakaomhudumia huko aendako. Mpishi, mfua nguo, mlinzi, dereva, mtunza bustani na muuza madafu, wengi wao hulala Likoni, Kisauni au Changamwe. Miezi ya Aprili hadi Juni, wageni wanapoadimika, kodi ya nyumba haipungui na karo haisubiri. Mgeni anapotishwa, hao ndio wa kwanza kuumia. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa na ghasia zikaenea; watu waliuawa, wengine wakahamishwa makwao, na utalii wa pwani ukaanguka. Mapema mwaka 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi ziliwafukuza wageni katikati ya msimu wao mkubwa, na mwaka 2020 maradhi ya Korona yakafunga milango kabisa. Kila mara aliyekula hasara kubwa kwa kipimo cha riziki yake alikuwa mtu wa ng'ambo, ingawa mgeni mwenyewe hakuwahi kusimama mtaani kwake.

Basi kuna uhusiano gani kati ya majira na ng'ambo? Uhusiano ni wa miguu. Ufuo unaweza kufurahiwa hata wakati wa fukuto, maana maji yapo na kivuli kipo. Mtaa hauzuriki hivyo. Mtaa huzuriwa kwa kutembea, kusimama, kuulizana hali na kukaa barazani. Mtu aliyeshuka kwenye feri ya Likoni saa saba mchana mwezi wa Februari hatamani ila gari lenye baridi limwondoe haraka. Mtu huyo huyo mwezi wa Julai anaweza kupanda mteremko wa kivuko kwa utaratibu, akanunua viazi karai vya moto, akauliza njia ya Mtongwe na akaenda. Kipupwe humrudishia mgeni miguu yake, na mgeni mwenye miguu ndiye anayeacha senti mtaani.

Tena ng'ambo si tupu, kama wengi wanavyodhani. Changamwe kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba, ulioanzishwa mwaka 1963, ambako mgeni humwona mchongaji mwenyewe akiwa na tezo mkononi kabla ya kununua kinyago. Upande wa kaskazini kuna karakana za Bombolulu, zilizoanza mwaka 1969, ambako watu wenye ulemavu hufanya kazi za ufundi. Bamburi kuna machimbo ya saruji yaliyokuwa jangwa la mawe mpaka René Haller alipoanza kuyapanda miti mwaka 1971. Leo ni msitu wenye wanyama. Mtongwe nako kuna bahari iliyoshuhudia msiba. Aprili 29, 1994 feri iliyokuwa ikitoka hapo kwenda kisiwani ilizama na watu 272 wakapoteza maisha. Mgeni akilijua hilo, hataitazama tena feri kama kiburudisho cha kupiga picha.

Kisauni kuna jambo lingine linalofaa kuwafikirisha wanaoilinganisha Mombasa na miji ya Asia. Katika njia panda ya Kengeleni ipo kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya Waafrika waliookolewa utumwani. Kijiji kilipewa jina la Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, jiji linaloitwa Mumbai leo. Miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwamo Waafrika waliokombolewa baharini, wakapelekwa Bara Hindi na kulelewa katika misheni ya Nasik, kisha wakarudishwa pwani hii wakijulikana kama Waafrika wa Bombay. Kwa hiyo Mumbai na Kisauni zimeunganishwa na upepo na zimeunganishwa na watu pia. Gari la watalii hupita Kengeleni kila siku likikimbilia ufuoni, na aliyemo haambiwi neno.

Hapana shaka kuna watakaopinga. Watasema kwamba kusi huichafua bahari, kwamba mwani hurundikana ufuoni, na kwamba mzamiaji anayetaka kuona matumbawe katika maji maangavu anafaa kuja wakati wa kaskazi. Wanasema kweli, na mzamiaji na aje wakati wake. Lakini si kila mgeni ni mzamiaji. Familia ya Nairobi, Nakuru au Kampala inayojazana Mombasa mwezi wa Desemba, ikalipa bei ya juu na kukaa kwenye foleni ndefu ya Likoni huku jasho likiitiririka, haikuja kuzamia. Ingepata nafuu zaidi katika likizo ya Agosti. Wengine watasema kwamba ng'ambo zina taka, uhaba wa maji na vijana waliokosa kazi, na kwamba hapo si mahali pa kumpeleka mgeni. Hoja hii inageuza mambo. Uchafu na uhaba havikuletwa na mgeni, na wala kumficha mgeni hakujaviondoa. Mtaa unaopata riziki kwa macho ya wageni huwa na sababu, na uwezo pia, wa kudai barabara, taa na maji.

Ipo hadhari moja ya kweli. Kuzuru mtaa kusigeuke kuwa kuwatazama maskini kama wanyama wa mbugani. Tiba yake ni kuwafanya wenyeji wawe wenye kuongoza: kijana wa Likoni aongoze Likoni, mwanamke wa Mikindani auze chakula chake kwa bei aliyoipanga mwenyewe, na mzee wa Kisauni asimulie habari za Kengeleni kwa lugha yake, mkalimani awepo. Mgeni apokewe kama mgeni, yaani kwa adabu inayodai adabu.

Hapa ndipo jukumu la wanafunzi wa Kiswahili linapoonekana. Kalenda hii haihitaji kubuniwa; imo katika lugha. Kipupwe, demani, vuli, kaskazi, matlai na maleleji ni maneno yaliyobeba elimu ya hali ya hewa iliyokusanywa na mabaharia na wakulima. Hata mwaka wa jua wa Waswahili, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumikumi, huanza katika ubaridi huu. Huko Makunduchi, Unguja, mwaka huo bado huogwa kila Julai, na umati wa wageni huhudhuria. Hata hivyo kijana wa pwani leo akihisi ubaridi husema kwa Kiingereza kwamba ni majira ya baridi ya Ulaya, ilhali Ulaya kwenyewe wakati huo ni majira ya joto. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyeishi Mombasa miaka mingi, alifundisha kwamba Kiswahili kitafute kwanza katika hazina yake kabla ya kukopa. Mafunzo hayo hayahusu istilahi za mitambo peke yake.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuanza na kazi ndogo. Viandike kijitabu cha majira ya pwani kwa lugha nyepesi, vikiwauliza wavuvi wa Likoni na wakulima wa Kisauni kabla hawajaondoka na elimu yao. Vikigawe kwa waongozaji wageni, madereva na wenye hoteli. Tangazo la safari likisema "Karibu Mombasa, kipupwe kimeingia," litakuwa limemweleza mgeni hali ya hewa na limemwita kwa jina la mwenyeji.

Kusi haitawajaza wageni wote wa Desemba, wala kijitabu hakitamlipia mtu kodi ya mwezi wa Mei. Lakini mji unaojua majira yake huwa na neno la kumwambia mgeni asiyeyajua. Mgeni na aje wakati anapoweza kutembea, ashuke garini Changamwe, Likoni na Kisauni, na methali ya wahenga ipate kumfikia mwenyeji iliyemkusudia.