Mkeka Usiolaliwa: Simu, Mpira na Kazi ya Vijana Wetu



Likizo iliyopita tulirudi nyumbani kama kawaida, kila frateri parokiani kwake. Tuliporejea seminarini tulikaa jioni moja kusimuliana tuliyoyaona, na jambo moja likajirudia katika masimulizi ya karibu kila mmoja wetu. Jumapili, baada ya Misa ya pili, vijana tuliosoma nao shule ya msingi husimama kivulini nje ya kanisa, vichwa vimeinama, kimya. Mgeni angedhani wanasali. Wanasuka mikeka.

Wazee wetu wanaotusoma wasidhani ni mikeka ya ukindu. Kwa lugha ya vijana wa leo, mkeka ni orodha ya mechi ambazo mtu ametabiri matokeo yake na kuziwekea fedha kwa simu. Kuiandaa orodha hiyo ni kusuka. Mechi moja ikienda kombo, mkeka umechanika, na fedha imekwenda.

Tuseme ukweli tangu mwanzo: baadhi yetu tunaoandika makala hii tumewahi kusuka, kabla ya kuja seminarini na, kwa aibu, hata wakati wa likizo. Kwa hiyo hatuandiki kama watu wasioujua mchezo huu. Tunaandika kwa sababu tunaona Kanisa letu limeshalikemea sana jambo hili, lakini limelikemea kama starehe mbaya tu, sawa na pombe au disko. Maoni yetu ni tofauti. Kwa vijana wengi tunaowafahamu, kubeti si starehe tena. Kumekalia kiti cha kazi. Tusipolitazama kama suala la kazi, mahubiri yetu yataendelea kupita juu ya vichwa vyao.

Kuona

Njia ya kuona, kuamua na kutenda tumeirithi kwa Joseph Cardijn, padre aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1882. Mtakatifu Yohane XXIII aliipendekeza kwa Kanisa zima katika waraka wa Mater et Magistra wa mwaka 1961. Lakini tukumbuke Cardijn aliipata wapi. Alikuwa mseminari kijana aliyerudi nyumbani likizo. Aliwakuta rafiki zake wa shule wamekwishaingia viwandani, nao walimtazama kama mtu wa upande mwingine, mtu wa mapadre asiyejua shida zao. Jambo hilo lilimuumiza maisha yake yote. Chama alichokianzisha, kilichopata sura rasmi mwaka 1925, ndicho kilichotufikia sisi kwa jina la VIWAWA: Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Siku hizi tunalitaja jina hilo kila Jumapili kwenye matangazo, na neno la mwisho tumelisahau.

Sisi nasi tulimkuta rafiki yetu likizoni. Hatutamtaja wala parokia yake. Alikuwa mhazini wa kwaya, kijana mpole, mwenye sauti nzuri ya besi, anayeendesha bodaboda ya mtu mwingine na kupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni. Kwaya ilikuwa imechanga fedha za sare kwa miezi mingi. Fedha zilikaa kwenye simu yake, kwa sababu ndivyo tunavyofanya sote: mhazini anapokea michango kwa namba yake mwenyewe. Wiki moja hesabu ya pikipiki ilipungua. Akachukua kidogo kutoka kwenye fedha za sare, akaweka dau ili arudishe mara mbili. Mkeka ukachanika. Akachukua tena ili kurudisha kile alichochukua kwanza. Siku ya kwenda kwa fundi ilipofika, simu ilikuwa tupu.

Tulipomtembelea alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Frateri, sikuwa nacheza. Nilikuwa natafuta."

Neno "natafuta" ni neno la kazi. Ndilo analolisema mama anayetembeza ndizi na fundi anayesubiri kibarua barabarani. Rafiki yetu alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kusoma takwimu za timu za Ulaya, nani ameumia, nani amefungiwa, kocha gani amefukuzwa. Alikuwa na daftari. Alikuwa na bidii kuliko baadhi yetu tunaosoma falsafa. Tatizo ni kwamba kazi hiyo haina mshahara.

Tuieleze hesabu yake, maana watu wengi hawajawahi kuelezwa. Chukua sarafu. Uwezekano wa kupata upande unaoutaka ni nusu kwa nusu. Mchezo wa haki ungekulipa mara 2 ya dau lako. Tuseme kampuni inakulipa mara 1.9. Tofauti ni ndogo: kwa kila shilingi 1,000 utakayoweka, kwa wastani utapoteza 50. Sasa suka mkeka wa mechi 10 za namna hiyo. Uwezekano wa zote kwenda sawa ni mara 1 katika 1,024, kwa hiyo malipo ya haki kwa dau la 1,000 yangekuwa 1,024,000. Lakini 1.9 ikizidishwa yenyewe mara 10 inafika kama 613 tu. Utalipwa kama 613,000. Lile pengo la shilingi 50 limekua na kuwa kama 400 kwa kila 1,000. Mkeka unavyorefuka, ndivyo zawadi inavyoonekana kubwa na ndivyo unavyoibiwa zaidi bila kujua. Na ukipata mechi 9 kati ya 10, huambiwi umeshindwa. Unajiambia umekosa kidogo tu, na kesho unarudi.

Halafu iko simu. Huduma ya fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Imetusaidia sana, hatuna budi kukiri. Mama anatuma ada bila kupanda basi, mgonjwa anapata nauli usiku. Lakini mfuko wa ada, mfuko wa kodi ya nyumba na meza ya kamari sasa viko ndani ya kifaa kimoja, na kati yake hakuna mlango. Zamani aliyetaka kucheza kamari ilimbidi atoke nyumbani, apite mbele ya majirani, aonekane. Sasa anacheza kitandani, mkewe amelala pembeni. Sheria ya Tanzania inakataza walio chini ya miaka 18, lakini simu ya kaka au ya mjomba haimuulizi anayeishika ana umri gani.

Kuamua

Kanisa linafundisha nini? Wapo wanaodhani kila mchezo wa bahati ni dhambi. Sivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inasema michezo ya kubahatisha yenyewe haipingani na haki. Inakuwa mbaya pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa ajili yake na kwa ajili ya wale wanaomtegemea. Inaonya pia kwamba uraibu wake unaweza kuwa utumwa. Tumeshikilia maneno hayo kama kipimo, kwa sababu yanagusa maswali mawili ambayo kila msomaji anaweza kujiuliza leo usiku: fedha hii ingenunua nini nyumbani kwangu? Na je, ninaweza kuacha wiki moja bila kuhangaika?

Lakini kipimo hicho hakitoshi bila mafundisho juu ya kazi. Tangu Papa Leo XIII alipoandika Rerum Novarum mwaka 1891, na hasa katika Laborem Exercens ya Mtakatifu Yohane Paulo II ya mwaka 1981, Kanisa limesema jambo lilelile: thamani ya kazi haitokani kwanza na kile kinachozalishwa, inatokana na mtu anayeifanya. Anayelima bustani, anayeshona, anayebeba zege, anakuwa mtu zaidi kwa kufanya hivyo. Anajifunza uvumilivu, anamtumikia jirani, anaacha kitu nyuma yake. Bibi anayesuka mkeka wa ukindu, hata akiuza kwa bei ndogo, kuna mtu atakayelalia ule mkeka. Ule wa simu hakuna anayeulalia. Ukishinda, fedha yako imetoka kwa vijana wenzako walioshindwa, baada ya kampuni kuchukua sehemu yake. Hakuna gunia la mahindi lililoongezeka duniani.

Hapa vijana hutujibu, na jibu lao ni zito: "Frateri, hiyo kazi iko wapi?" Wamemaliza kidato cha nne, wengine chuo, wamezungusha bahasha za barua za maombi mpaka zimechakaa. Bodaboda si yao. Shamba la baba limegawanywa mara tatu. Anapoona kwenye simu mtu kama yeye ameshinda mamilioni, si tamaa peke yake inayomsukuma. Ni hesabu ya mtu aliyeona milango mingine imefungwa. Tukimwambia "acha kubeti, fanya kazi," tukapanda gari la parokia tukaondoka, tumempa jiwe badala ya mkate.

Tena tujiulize sisi waumini: nani alimfundisha kijana huyu kudharau kazi ndogo? Ni sisi tunaosema "huyu hana kazi, anauza tu maji." Ni sisi tunaompa kiti cha mbele aliyekuja na gari bila kumuuliza alilipataje, na mwenye genge la nyanya tunamwacha nje kwenye jua. Kampuni za kamari hazikuja kwenye uwanja mtupu. Zilikuta tumeshaanza kuheshimu fedha kuliko kazi.

Kutenda

Tunapendekeza mambo manne. Si makubwa, na yote yanaweza kuanza mwezi huu.

La kwanza, fedha za jumuiya, kwaya na vyama zisikae kwenye simu ya mtu mmoja. Kila parokia ifungue akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, hata kwa michango midogo. Hatusemi hivi kwa kuwashuku wahazini. Tunasema hivi kwa kuwapenda. Anayeomba asitiwe majaribuni asiwekewe majaribu mfukoni.

La pili, vyama vyetu vya vijana virudie jina lao. Mkutano mmoja wa VIWAWA kila mwezi uwe wa kazi: nani ana ujuzi gani, nani anatafuta kibarua, fundi gani wa parokia yuko tayari kuchukua mwanafunzi, kikundi gani cha kuweka na kukopa kinaweza kumsaidia mtu kununua cherehani au pampu ya maji. Parokia ina mafundi, wakulima, wauguzi na wafanyabiashara wanaokaa benchi moja na vijana wasio na kazi, na baada ya baraka ya mwisho wanaachana bila kusalimiana.

La tatu, tukatae jezi. Yapo mashindano ya mpira ya vijana yanayotafuta wafadhili, na kampuni ya kamari huwa ya kwanza kujibu. Tunajua mpira bila jezi unavunja moyo. Hata hivyo, ni afadhali kucheza vifua wazi dhidi ya wenye mashati kuliko kumvalisha mtoto wa Kipaimara tangazo la kitu tunachomkataza.

La nne linatuhusu sisi mafrateri. Tukienda likizo tusiende na hotuba. Twende tukakae na rafiki zetu kijiweni, tuulize habari za kazi kabla ya kuuliza habari za sala, na sisi wenyewe tushike jembe mashambani kwa wazazi wetu badala ya kungoja kuitwa "Frateri, karibu chai." Na mwenzetu ambaye bado anasuka kwa siri, amweleze mlezi wake wa kiroho na aende kwenye Kitubio. Akija padre kesho na simu yake ina ugonjwa huu, sadaka za waamini zitakuwa katika hatari ileile iliyozikuta fedha za sare.

Kuhusu rafiki yetu wa sauti ya besi. Alikiri mbele ya viongozi wa kwaya, akakubali kulipa kidogo kidogo, na kila wiki analeta alichopata. Amelipa karibu nusu. Lakini kwaya hajarudi. Anasali misa ya kwanza, anasimama karibu na mlango, anaondoka kabla ya matangazo. Wanakwaya wanasema hawana kinyongo naye, ila hakuna aliyekwenda kumwambia.

Tulipoandika makala hii tulikubaliana kwamba likizo ijayo wawili wetu watakwenda, na watamwomba mwenyekiti wa kwaya afuatane nao. Tunaomba na wewe msomaji umfikirie wa kwako, maana hakuna jumuiya isiyo na mmoja. Usiende na Katekisimu mkononi. Nenda umsalimie, ukae, umuulize kazi inaendeleaje.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.