Kabla ya Mkasi, Mirathi: Nguo za Marehemu na Blanketi la Kumbukumbu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Swali la leo limetoka kwa dada yetu mmoja anayeishi Marekani. Mumewe amefariki, amemwachia watoto watatu, wavulana wawili na msichana mmoja, wote bado wadogo. Huko aliko kuna desturi ya kuchukua fulana kuukuu za mtu, kuzikata vipande vya mraba na kuviunganisha kuwa blanketi la kumbukumbu, aina ya kile ambacho wazee wetu wa pwani wangekiita mfarishi. Dada anataka kuzifanya hivyo fulana za mumewe, ili watoto wajifunike alichovaa baba yao. Kaka na dada wa marehemu, walioko huku nyumbani, wamemwambia kwamba hiyo ni bidaa ya kizungu, na kwamba nguo zote zitumwe wagawane wao. Anauliza: Shekhe, nani yuko sawa?

Nitajibu kwa urefu kidogo. Hata sisi tusiokata fulana, msiba huu wa nguo za marehemu tunao majumbani mwetu, na watu wengi wanabeba dhambi ndani yake bila kujua.

NGUO NI MALI

Mtu akifa, kila alichokimiliki kinatoka mikononi mwake. Nyumba, shamba, baiskeli, simu, saa, viatu, kanzu na fulana ya kulalia, vyote ni tirka. Katika tirka kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wosia usiozidi theluthi kwa asiyekuwa mrithi, kinachobaki ni cha warithi. Someni Surat An-Nisaa, aya ya 7. Mwenyezi Mungu amebainisha hapo kwamba fungu la mrithi limo katika kidogo na katika kingi. Hakuna aya wala hadithi iliyosema mirathi inaanzia kwenye kiwanja na nguo ni za atakayewahi.

Sasa angalieni tunavyofanya. Siku ya tatu watu wamemaliza khitma, sahani za pilau bado hazijaoshwa, kabati tayari limefunguliwa. Shangazi anachagua kanzu kwa ajili ya mwanawe. Ami anajaribu koti. Rafiki wa utotoni anaomba kofia "ya ukumbusho". Mjane yuko ndani ya eda, ameinamisha kichwa, anaona aibu kusema neno. Watoto wako uani wanacheza, hakuna aliyewauliza. Ikifika arubaini, yatima hana hata leso ya baba yake. Tena wanaofanya hivyo hawajioni kuwa wameiba. Wanasema ni mila.

Ndugu yangu, mila haihalalishi mali ya yatima. Katika sura hiyo hiyo ya An-Nisaa, aya ya 10, Mwenyezi Mungu amewaonya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma kwamba wanaingiza moto matumboni mwao. Usidhani moto huo ni kwa aliyekula shamba tu, aliyechukua koti atasalimika.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano wa huyu dada. Wazazi wa marehemu walishatangulia, ameacha mke, wavulana wawili na msichana mmoja. Tuseme nguo zake zote zikithaminishwa kwa bei ya mtumba zinafika shilingi 80,000.

Mke ana thumni, yaani 1/8, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Hiyo ni 10,000. Zinabaki 70,000 za watoto, na mvulana ana mafungu mawili ya msichana. Kila mvulana atapata 28,000, na msichana 14,000. Jumlisheni, inatimia 80,000.

Kaka na dada wa marehemu wana ngapi hapo? Hawana kitu. Mtoto wa kiume anapokuwepo, ndugu wa marehemu wanazuiwa. Kwa hiyo wanaodai nguo zitumwe wagawane wanadai mali ya watoto wa ndugu yao. Wangekuwepo baba au mama wa marehemu tungesema mengine, maana kila mmoja wao angekuwa na sudusi, 1/6, na haki yake isingepuuzwa hata kwenye fulana.

Lakini nawe dada yangu unayeuliza, nisikilize. Kabati zima si lako. Lako ni thumni. Kanzu nzuri, suti, saa na viatu vizima ukivigawa sadaka leo kwa sababu moyo unakuuma kuviona, umetoa sadaka mali ya watoto, na mtoto mdogo hana uwezo wa kukuruhusu. Sadaka hutolewa katika fungu lako, au katika fungu la mrithi mtu mzima aliyeridhia kwa ulimi wake bila kuaibishwa mbele za watu. Kaeni na msimamizi wa mirathi, orodhesheni, thaminisheni. Fulana kuukuu ziingie katika fungu lako au katika mafungu ya watoto. Zile za watoto, blanketi likishashonwa ni mali ya watoto. Nguo iliyochakaa haina bei sokoni, na kuigeuza kuwa kitu cha kumsitiri mwenyewe ni kuitunza mali yake.

Mkasi usifunguliwe kabla ya hesabu hiyo. Baada yake, kata.

JE, NI BIDAA?

Bidaa tunayokatazwa ni kuzua jambo katika dini na kulifanya ibada. Kushona blanketi ni jambo la ada, na asili ya mambo ya ada ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Anayesema haramu ndiye anayetakiwa kuleta dalili.

Tena tunayo mafunzo yanayoliunga mkono. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Abu Burda aliingia kwa Mama Aisha (R.A.), akawatolea nguo ya kujifunika yenye viraka na shuka nzito ya kiunoni, akawafahamisha kwamba Mtume (S.A.W.) alifariki akiwa na nguo hizo mbili. Angalieni, nguo ilihifadhiwa. Haikuwa ya hariri. Aliitoa, watu wakaiona, wakajifunza jinsi Mtume wao alivyoishi. Baraka ya vitu vya Mtume ni yake peke yake, wala hatuzipi nguo za baba zetu daraja hiyo. Ila somo la kumkumbuka mtu kwa unyenyekevu wa nguo yake tunalichukua.

Na katika hadithi nyingine mashuhuri, Mama Aisha alikuwa ametundika pazia lenye picha. Mtume (S.A.W.) akalichukia. Mama Aisha hakulitupa jalalani. Alilikata, akalifanya mito ya kuegemea. Mnaona? Kukata nguo moja na kuigeuza kitu kingine cha nyumbani, kitambaa kisipotee bure, kulifanyika ndani ya nyumba ya Mtume.

Wanaosema ni mambo ya kizungu, nao wafahamu haya. Mwaka 1942, katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, mama mmoja mweusi aitwaye Missouri Pettway alichukua nguo za kazi za mumewe aliyefariki akazishona kuwa blanketi, na binti yake alimsaidia. Zilikuwa nguo za mkulima, zimepauka kwa jua na jasho. Hii ni akili ya mjane maskini asiyetaka kupoteza kitambaa wala kumsahau mumewe. Na hapa kwetu, mama akifa, mabinti hawagawani kanga zake? Hawazifunui siku ya baridi wakajifunika? Jambo ni lile lile, sindano tu imeongezeka.

JE, HAILETI HUZUNI UPYA?

Wengine wanasema nguo ya maiti ichomwe au iondoke haraka, eti inaleta ndoto mbaya na nuksi. Huo ni ushirikina, tuuache. Nguo haina nuksi. Ikioshwa ikatahirika, inavaliwa na kuswaliwa.

Kuhusu huzuni, dini haikukataza moyo kuhuzunika wala jicho kulia. Imekataza kupiga makelele, kuchana nguo na kumlaumu Mola. Rejeeni Surat Yusuf muone kanzu ilivyotajwa: moja imeletwa na damu ya uongo, moja imechanwa kwa nyuma ikawa ushahidi, na moja imewekwa usoni kwa Nabii Yaaqub akarudi kuona. Kabla haijafika, mzee yule alishaihisi harufu ya mwanawe. Ile ilikuwa muujiza wa Mitume, sisi hatutarajii miujiza kwa fulana. Lakini anayemcheka mjane kwa kunusa shati la mumewe ajue kwamba Qur'ani haikumcheka mzee aliyeisikia harufu ya mwanawe.

Mjane aliye katika eda ya miezi 4 na siku 10 naye anaweza kushona akiwa nyumbani kwake. Kilichokatazwa kwake ni kujipamba. Kazi ya mikono inamtuliza mtu kuliko kukaa akitazama ukuta.

MIPAKA YAKE

Kwanza, liwe blanketi na si hirizi. Usilifukize ubani kila Alhamisi usiku, usilisemeshe, usilifungie mtoto mgonjwa ukitaraji apone. Ukimkumbuka marehemu, muombee dua. Dua inamfikia, blanketi linakufikia wewe.

Pili, fulana yenye aya ya Qur'ani au jina la Mwenyezi Mungu, kama zile za Maulidi na za madrasa, isiingie. Blanketi hulaliwa, hukanyagwa na watoto, hukojolewa. Kata sehemu ya maandishi uihifadhi pa heshima, kitambaa kingine kitumie.

Tatu, fulana zenye picha za watu, na sote tunazo zile za kampeni. Picha usiitundike ukutani. Kwa hadithi ile ya pazia, wanazuoni wengi wamelegeza picha iliyo kwenye kitu cha kulaliwa na kukaliwa. Ukitaka salama zaidi, kata upande usio na picha.

Nne, usikate kizima. Kanzu inayovalika, shati jipya, koti la baridi, ukilitia mkasi kwa ajili ya pambo wakati jirani hana nguo ya Idi, hiyo ni israfu. Kinachovalika kivaliwe na mrithi, au kiuzwe, au mwenye fungu akitoe sadaka. Mkasi ni kwa kilichochakaa: fulana ya shambani, jezi ya Coastal Union iliyofutika namba, fulana ya kulalia yenye tundu.

JINSI YA KUFANYA

Nimewauliza mafundi cherehani wa hapa mtaani, nimepata haya. Fulana ni kitambaa kinachovutika, kwa hiyo ukiikata na kuishona hivi hivi itajikunja. Bandika kwanza kwa nyuma kile kitambaa chepesi chenye gundi kinachoshikishwa kwa pasi, ndipo ukate. Vipande vya mraba wa inchi 14 vinatosha, kubwa au ndogo kidogo kulingana na maandishi ya kifuani. Fulana 12 zikipangwa tatu kwa nne zinamfunika mtoto vizuri. Nyuma weka shuka kuukuu au kitenge. Huko kwenye baridi watu huweka pamba katikati. Kwa joto letu la pwani tabaka mbili zinatosha.

Asiye na fulana 12 asihuzunike. Fulana moja ni mto mmoja. Shona pande tatu, jaza sufi, funga. Watoto watatu, mito mitatu, gharama yake ni uzi na ujira wa fundi. Na kila mtoto apate chake, msimpe mkubwa peke yake.

KWA WALIO HAI

Baba unayesoma hapa, unaweza kuyamaliza haya yote leo. Hiba ya mtu mzima mwenye afya ni halali. Mwite mwanao, mkabidhi mkononi ile fulana anayoipenda, mwambie ni yako. Imeshatoka kwenye mirathi, hakuna shangazi atakayeigusa. Ila fanya usawa, usimpe mmoja ukawaacha wengine wakikutazama.

Nanyi ndugu wa marehemu, kaka na dada zake, najua nanyi mnaumia. Mmelala naye kitanda kimoja utotoni, mmekula sinia moja. Mna haki ya kumlilia. Lakini njia ya kupata ukumbusho ni kuomba. Semeni: "Wifi, ukiridhia, tunaomba kitu kidogo cha ndugu yetu." Akitoa katika thumni yake, pokeeni kwa shukrani. Asipotoa, msimnunie. Na kama mnataka kumfanyia wema ndugu yenu, watoto wake wapo: lipeni ada ya madrasa, nunueni madaftari.

Na wewe dada, jibu lako ni hili. Umesema kweli kwamba inafaa, nao wamekosea kwamba ni bidaa na kwamba nguo ni zao. Lakini anza na hesabu ya watoto wako, kisha shona. Yule mdogo akija kukuuliza baba alikuwa mtu wa namna gani, mwoneshe kipande kimoja kimoja: hii alikuwa akienda nayo kazini, hii alivaa siku ulipozaliwa. Kisha mfundishe kusema: Ewe Mola, mrehemu baba yangu.

Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu wetu, awape subira wajane, awalinde mayatima, na atuepushe na kula mali zao, kidogo na kingi. Amin.

Wallahu aalam. Mwenye swali aulize kwa adabu, na mfikishieni mwenye kabati la marehemu ambalo bado halijafunguliwa.