"Hakuna mtandao" si jawabu

Yako maneno mawili ambayo siku hizi yamekuwa ya kawaida mno katika ofisi za umma, Unguja na Pemba. Mwananchi hutoka Makunduchi au Micheweni, akalipa nauli, akaacha shamba lake au chombo chake pwani, akafika dirishani kutafuta cheti cha kuzaliwa, leseni au stakabadhi ya malipo. Huambiwa: "Hakuna mtandao." Hutakiwa arudi kesho, na kesho akirudi huweza kuambiwa hayo hayo. Haelezwi ni kitu gani kimeharibika, nani anakishughulikia, wala lini kitatengemaa.

Sisi tunasema kuwa jawabu hilo halitoshi, na wakati umefika liondoke katika vinywa vya watumishi wa umma. Zamani jalada likipotea, alijulikana karani wa masjala wa kuulizwa. Leo majalada yamo ndani ya kompyuta, na baadhi ya watendaji wamepata pahala papya pa kuufichia uzembe. Mtandao unazungumzwa kana kwamba ni mvua, ambayo ikija huja na isipokuja hapana wa kulaumiwa. Lakini mtandao ni kazi ya mikono ya watu. Umetengenezwa kwa nyaya, mashine, umeme na kanuni, na kila kimoja kati ya hivyo kina mahala pake na kina mtu aliyekabidhiwa kukitunza.

Hatukatai kuwa zipo hitilafu ambazo ofisi zetu haziwezi kuzizuia. Tarehe 12 Mei, 2024 mikonga ya EASSy na SEACOM, inayopita baharini na kuiunganisha Afrika Mashariki na dunia, ilikatika upande wa kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Wala wananchi wa Unguja hawajasahau kiza cha mwaka 2008, kilichodumu takriban mwezi mmoja, wala kile cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale njia ya umeme kutoka Tanzania Bara ilipoharibika. Lakini hitilafu za namna hiyo zina jina na zina tarehe, na kila mtu huelezwa zimetokea wapi. Hizo si sababu ya "hakuna mtandao" ya kila Jumatatu asubuhi.

Hitilafu za kila siku, kwa sehemu kubwa, zimo ndani ya jengo lenyewe. Msimamizi wa mtandao anayeijua kazi yake huanza na kilicho karibu kabla ya kukiendea kilicho mbali. Huuliza kwanza iwapo ni kompyuta moja iliyokwama au chumba kizima. Huangalia taa ndogo ya pale waya unapochomekwa. Ikiwa haiwaki, huenda waya umekanyagwa na mguu wa meza, au ncha yake imeliwa na kutu kwa hewa ya chumvi tuliyonayo visiwani. Tena waya wa shaba wa kawaida haukukusudiwa kupita mita 100. Ukivutwa kutoka jengo moja hadi jengo la pili bila ya kifaa cha kati, mawasiliano yatakuwa ya kubahatisha hata ukinunua kompyuta mpya kila mwaka.

Waya ukiwa salama, hutazama anwani. Kila kompyuta inapowashwa huomba namba yake katika mtandao, na iko mashine ya kuzigawa namba hizo. Kompyuta ikijipa wenyewe namba inayoanzia 169.254, fundi hujua kuwa imeomba na haikujibiwa. Mara nyingi sababu ni ndogo. Mtandao wa ofisi uliopangwa kwa mpango wa kawaida una nafasi za vifaa 254 tu. Simu za watumishi na za wageni zikiruhusiwa kuingia humo humo, nafasi huisha kabla ya saa tatu asubuhi, na kompyuta ya dirishani inayomhudumia mwananchi ikakosa. Au mtumishi mmoja amenunua ruta yake dukani, akaichomeka chini ya meza apate intaneti ya simu, na ruta ile ikaanza kugawa namba zake za uongo kwa ofisi nzima. Au mtu ameuona waya unaning'inia, akauchomeka ncha zote mbili katika swichi moja, ujumbe ukazunguka bila ya kikomo mpaka mtandao wote ukalala.

Ikiwa namba ni sahihi, hutazamwa iwapo kompyuta inaweza kuyageuza majina ya mitandao kuwa namba. Hapo ndipo watu hudhani intaneti imekatika, kumbe njia ipo na kilichokosekana ni daftari la majina. Baada ya hayo yote ndipo fundi hupata haki ya kuilaumu kampuni ya mawasiliano au mkonga wa baharini.

Tumeyaeleza haya kwa urefu ili viongozi wa ofisi waone kwamba ndani ya maneno "hakuna mtandao" mna hitilafu nyingi zilizo mbali mbali, na kila moja ina dawa yake. Baadhi yake hutibika kwa dakika tano na waya wa bei ndogo. Mkuu wa ofisi asiyeuliza ni ipi kati ya hizo, hawezi kujua kama anahitaji fedha, fundi au nidhamu.

Na hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi. Katika ofisi nyingi msimamizi wa mtandao hukumbukwa siku ya maafa tu. Siku nyengine zote hutumwa kutoa karatasi iliyokwama katika mashine ya kuchapia au kutengeneza simu ya mkubwa. Hashirikishwi mipango inapopangwa, hana waya wa akiba wala swichi ya akiba, na betri za kuzihifadhi mashine umeme unapokatika hazibadilishwi mpaka zife, ingawa inajulikana kuwa betri hizo huchakaa kwa miaka michache tu, na joto huziharibu mapema zaidi. Fedha za kununua mashine mpya hupatikana kwa sababu mashine mpya huzinduliwa; fedha za kuitunza ya zamani hazipatikani, kwa sababu hapana utepe wa kukata. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ulimwengu umekwisha kulipa gharama za uzembe huo. Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba tundu katika programu zake. Ofisi nyingi duniani hazikuyaweka. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita katika tundu lile lile, vikaenea katika nchi zipatazo 150, na hospitali za umma za Uingereza zikalazimika kuwarejesha wagonjwa. Julai 19, 2024 lilikuja jambo la kinyume chake: marekebisho yenye kasoro ya kampuni ya CrowdStrike yaliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, na nyingi kati yake ziliinuliwa kwa mkono, moja baada ya moja. Katika msiba kama huo, ofisi isiyojua ina mashine ngapi, ziko wapi na nani ana nywila zake, huanza kwa kutafuta kabla ya kutengeneza.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje. Kwanza, kila ofisi iwe na daftari la hitilafu: saa iliyoanza, sababu iliyopatikana, dawa iliyotumika na saa iliyomalizika. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litamweleza mkuu wa ofisi ukweli kuliko ripoti yoyote. Pili, pawe na fungu dogo la kudumu la vipuri na matunzo, lisiloguswa kwa safari wala kwa viburudisho vya mikutano. Tatu, kumbukumbu za umma ziwe na nakala za akiba, moja yao ikiwekwa nje ya jengo, na nakala hizo zijaribiwe, maana nakala isiyowahi kujaribiwa haina tofauti na ahadi. Nne, mtandao unapokatika kazi isikatike: mwananchi apokelewe fomu yake kwa karatasi, achukuliwe namba yake ya simu, aelezwe sababu, na aitwe kazi ikiwa tayari. Hapana haja ya mzee wa Micheweni kulipa nauli mara tatu kwa kosa la waya.

Wasimamizi wa mtandao nao tunawakumbusha wajibu wao. Wapo miongoni mwao wanaozifanya nywila za ofisi kuwa mali yao, wakadhani kuwa kutojulikana kwa kazi yao ndiyo usalama wa ajira yao. Hiyo ni khiyana. Kazi ya umma ni amana, na amana huandikwa na hukabidhiwa. Anayekwenda likizo au anayehamishwa lazima aache ramani ya mtandao na nywila katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, mikononi mwa mkuu wake.

Serikali imeamua huduma zake zipite katika mitandao, na uamuzi huo ni sahihi. Lakini mwananchi hataupima kwa idadi ya kompyuta zilizonunuliwa. Ataupima kwa jawabu analopewa dirishani. Viongozi wa Chama na Serikali wanapokwenda kukagua ofisi, wasiridhike kuoneshwa mashine zinazong'ara. Waombe daftari la hitilafu, na likikosekana, waulize ni kwa nini.