Mtamba Asigawiwe Bila Madini Yake

Askari wengi wa jeshi na wa polisi katika Uganda ni wafugaji pia. Wako wenye ng'ombe mmoja au wawili nyumbani kwao, ambao hutunzwa na mke au wazee wakati mwenyewe yuko kazini. Wako na wastaafu waliotumia kiinua mgongo chao kununua mtamba wa Friesian au chotara wake, wakitumaini kwamba maziwa yatalipa karo za watoto. Tena, mpango wa Operation Wealth Creation ulipoanza mwaka 2013, maafisa wa jeshi ndio waliopewa kazi ya kuwafikishia wananchi mbegu, miche na mifugo, wakiwamo mitamba wa maziwa. Kwa hiyo chakula cha ng'ombe ni jambo linalomhusu askari kwa njia mbili: kama mfugaji, na kama mtu ambaye huenda akatumwa kumkabidhi mwananchi mfugo.

Maoni yetu ni haya: mtamba wa maziwa asigawiwe wala asinunuliwe bila madini yake. Hakuna mkuu wa kikosi anayempa askari bunduki bila risasi wala mafuta ya kuisafishia, kisha akamlaumu inaposhindwa kufanya kazi. Vivyo hivyo, anayempa mtu ng'ombe wa kigeni na kumwachia majani peke yake amempa nusu ya kitu.

Ni kweli kwamba wafugaji wetu wanajua chumvi tangu zamani. Chumvi ya ziwa Katwe, na ile ya Kibiro kando ya ziwa Albert, imekuwa ikiuzwa na kusafirishwa kwa vizazi vingi. Wachungaji wa Ankole walijua pia mahali penye udongo wa chumvi, nao wakawapeleka ng'ombe wao kuulamba. Maarifa hayo ni ya thamani, wala hatuyadharau. Lakini chumvi ya kawaida ni sodiamu na klorini. Mwili wa ng'ombe unahitaji na madini mengine ambayo kiasi chake ni kidogo mno, hata mtu huweza kudhani kwamba hayana kazi. Madini hayo haba ni kobalti, shaba, zinki, manganisi, seleni, iodini na chuma.

Hebu tutazame udogo wake. Ng'ombe mkubwa wa maziwa hula chakula cha kilo 15 hivi kwa siku, kikipimwa kama kikavu, yaani bila maji yaliyomo. Katika chakula hicho anahitaji kobalti ya miligramu 3 tu au pungufu. Kwa mwaka mzima jumla yake ni kama gramu moja, kiasi kinachoweza kukaa juu ya ukucha. Seleni ni miligramu 4 au 5 kwa siku, na shaba ni miligramu 150 hivi. Zinki hufika miligramu 600 au zaidi.

Pamoja na udogo huo, kila moja lina kazi yake. Kobalti hutumiwa na vijidudu vilivyomo katika tumbo kubwa la ng'ombe kutengeneza vitamini B12. Ikikosekana, ng'ombe hukosa hamu ya kula, hukonda na kupungukiwa damu. Shaba ikipungua, manyoya hupauka, na ng'ombe huchelewa kushika mimba. Zinki hulinda ngozi na kwato. Manganisi husaidia uzazi na mifupa ya ndama. Iodini ikikosekana, ndama huzaliwa dhaifu akiwa na uvimbe shingoni. Seleni ikipungua, kondo la nyuma hukaa tumboni baada ya kuzaa, na misuli ya ndama hudhoofika.

Ushahidi hauko mbali nasi. Katika nchi jirani ya Kenya, wakati wa utawala wa Waingereza, ng'ombe wa maeneo ya Nakuru walikonda na kufa ingawa majani yalikuwa tele. Walipohamishiwa malisho ya mahali pengine, walipona. Ugonjwa huo ulipewa jina la mji wenyewe, ukaitwa Nakuruitis, na baadaye ilijulikana kwamba kilichokosekana katika malisho ni kobalti. Huko Australia Magharibi pia kulikuwa na ugonjwa wa namna hiyo, na watu walidhani kwamba dawa yake ni chuma, kwa sababu mawe fulani ya chuma yaliponya mifugo. Mwaka 1935 wanasayansi Underwood na Filmer walionyesha kwamba kilichoponya si chuma, bali ni kobalti kidogo iliyokuwa imechanganyika nacho. Somo ni kwamba wingi wa majani machoni si ushahidi wa shibe mwilini.

Wako watakaosema, "Mbona ng'ombe wa babu zetu hawakulambishwa kitu cha dukani, nao waliishi?" Swali hili ni la haki, na lina jibu. Ng'ombe wa Ankole alitoa maziwa machache, akatembea mbali, akachagua majani ya namna nyingi katika udongo wa namna nyingi. Chotara wa leo amefungwa bandani. Huletewa majani ya tembo yale yale, yaliyokatwa katika shamba lile lile, mwaka nenda mwaka rudi. Tena anakamuliwa lita 15 kwa siku, na maziwa hayo huondoka na zinki kama miligramu 60 kila siku, mbali na madini mengine. Shamba linalotolewa kila siku bila kurudishiwa kitu huchoka, na ng'ombe anayekula humo huchoka nalo.

Wengine watasema kwamba gharama ni kubwa. Sisi tunauliza: ni ipi gharama kubwa zaidi? Ng'ombe asiyeshika mimba kwa wakati hula kila siku bila kumpa mwenyewe ndama wala maziwa mapya. Miezi michache ya kungoja hivyo huweza kuzidi bei ya madini ya mwaka mzima. Askari aliyeweka akiba yake yote katika ng'ombe mmoja hana nafasi ya kufanya kosa hilo.

Hata hivyo, hatutaki msomaji adhani kwamba madini ni dawa ya kila kitu. Ng'ombe mwenye njaa hashibi kwa madini. Maziwa kwa sehemu kubwa ni maji, na anayekamuliwa asipopata maji mengi safi hatatoa maziwa. Ugonjwa wa kupe utamwua ng'ombe aliyelambishwa vizuri sawasawa na yule asiyelambishwa. Kukonda na kupauka kwa manyoya huweza kuletwa pia na minyoo. Kwa hiyo daktari wa mifugo aitwe kwanza achunguze, na majani, maji na kuogesha vije mbele. Madini yafuate, wala yasisahauliwe.

Pia kuna hatari ya kupita kiasi. Seleni ni sumu ikizidi kidogo tu, na asiye mtaalamu asijaribu kuichanganya mwenyewe. Kondoo hudhuriwa na shaba upesi sana. Chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe isiwekwe mahali ambapo kondoo wataifikia. Tena mnunuzi asidanganywe na rangi. Wekundu wa jiwe la kulamba hauonyeshi kwamba lina madini yote. Huweza kuwa ni chuma tu, na chuma kikizidi huizuia shaba isiingie mwilini. Msomaji asome maandishi ya mfuko, atafute majina ya kobalti, shaba, zinki, manganisi, seleni na iodini pamoja na kiasi cha kila moja. Mfuko usio na maandishi hayo auache dukani.

Matumizi yake ni mepesi. Kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko, ambacho kwa ng'ombe anayekamuliwa mara nyingi ni kati ya gramu 50 na 100 kwa siku, kichanganywe na pumba au mashudu, au kiwekwe katika kihori chini ya paa ili mvua isikiyeyushe. Ng'ombe mwenye mimba aliyekaushwa asinyimwe ati kwa sababu hakamuliwi. Katika miezi ile ya mwisho ndama aliye tumboni hujiwekea akiba ya shaba katika ini lake, na akiba hiyo ndiyo atakayoanza nayo maisha, kwa kuwa maziwa yana shaba kidogo sana.

Tukirudi kwenye neno letu la kwanza, tunatoa rai mbili. Ya kwanza ni kwa wale wote wanaogawa mitamba, iwe ni Serikali, chama cha akiba na mikopo au shirika la hisani. Kila mtamba atolewe pamoja na madini yanayomtosha mwaka mmoja, na mafunzo ya siku moja kwa yule hasa atakayemlisha, ambaye mara nyingi ni mama wa nyumbani na siye mwenye jina katika orodha. Ugawaji usihesabiwe kwa idadi ya mitamba waliotolewa, bali kwa idadi ya waliozaa ndama hai.

Rai ya pili ni kwa askari mwenyewe. Askari anajua maana ya posho. Anajua kwamba kikosi kisichopata posho yake kamili hudhoofika, hata kama kina silaha nzuri na mashujaa. Basi na ahesabu madini kuwa sehemu ya posho ya ng'ombe wake, na kila atumapo fedha nyumbani atenge fungu lake. Ng'ombe hawezi kusimama mbele ya mkubwa wake na kudai haki yake. Mwenyewe ndiye wa kumdai kwa niaba yake.