Tusikate Mkia wa Uhusiano

Liko neno tunalolitamka kila siku bila kulipima, nalo ni uhusiano. Mgeni akija kuchimba mawe kijijini, husifiwa jukwaani kwa uhusiano mwema na wananchi. Maofisini yuko Afisa Uhusiano, na kazi yake kubwa ni kuisemea ofisi. Vijana nao wamelitia wingi, mahusiano, wakalifungia chumbani, hata ukisema fulani yumo kwenye mahusiano, hakuna atakayedhani unamtaja jirani yake au shangazi yake. Kila mmoja amejikatia kipande. Mimi nasema neno hili tunalipunja, na wanaopunjika ni sisi.

Tazameni lilivyoundwa. Shina lake, husu, asili yake ni Kiarabu. Mkia wake, -ana, ni wa Kibantu, ule ule wa kusaidiana, kuzikana, kukopeshana na kutaniana. Jambo laweza kunihusu mimi peke yangu, lakini kuhusiana kunataka wawili, kama vile hakuna awezaye kuagana peke yake. Anayepokea siku zote wala hatoi, huyo anahudumiwa tu, na tusimpe neno asilolistahili.

Wazee wa kwetu Ugogo, huku Dodoma, walilijua hili kwa vitendo. Mwenye ng'ombe wengi hakuwarundika wote katika zizi lake. Wengine aliwakabidhi kwa watu wa mbali, wawachunge na kunywa maziwa yao. Mchungaji alipata chakula cha watoto, na mwenye mali alipata salama, kwani mvua ya huku ina upendeleo: yaweza kunyesha kijiji cha Haneti ikakiruka cha Itiso. Na mwaka ulipokuwa mbaya, mtu alijua mlango wa kuhemea.

Ndiyo maana naikumbuka Mtunya, njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920. Ukame Wagogo walikuwa wameuzoea tangu mababu. Lakini safari hii majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamekomba ng'ombe na nafaka, na kuwachukua wanaume kubeba mizigo ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mvua ilipokata, aliyekwenda kuhemea kwa jamaa alimkuta jamaa naye mikono mitupu. Watu walikufa kwa maelfu. Mimi naamini njaa ile iliua hivyo kwa sababu vita ilikuwa imekwisha kuikata mikono ya kupeana.

Mwaka ule wa 1917 ndipo alipozaliwa huku Ugogo Mathias Mnyampala, mshairi aliyekuja kuieneza ngonjera nchi nzima. Na ngonjera ni nini, kama si watu kujibizana? Huyu akiuliza, yule hujibu, na akinyamaza mmoja shairi limekwama.

Sasa tuseme ya leo. Jiji la Dodoma limekua, na watoto wetu wengi wamehamia huko. Msiba ukitokea kijijini, rambirambi huingia kwenye simu kabla kaburi halijachimbwa, lakini mtumaji haji. Nawaomba, ndugu zangu wa mjini, pesa tumeni, maana sanda na mchele havipatikani bure, lakini njooni pia mshike jembe, mlale matangani, mama aliyefiwa awaone. Na ninyi mlioko kijijini, mnaompigia kijana simu siku ya shida tu, mpigieni pia siku mtama ulipokubali. Mpelekeeni debe moja la uwele na mlenda mkavu. Akila atajua kwamba kwao wanamkumbuka yeye, si mshahara wake.

Kuhusu wachimbaji, udongo wa Haneti una jiwe la kijani, krisopresi, na ukijani wake unatokana na chembe za nikeli zilizomo ndani yake. Wageni wanalifuata, nasi hatuna sababu ya kuwanunia. Lakini tangu mwaka 2017 sheria ya madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, nao ukubaliwe pamoja na mamlaka ya serikali za mitaa ya mahali hapo. Kukubaliana, ule mkia wetu tena! Mpango ulioletwa umekwisha pigwa muhuri haujakubaliwa na mtu. Nasi wananchi tuna upande wetu: tusiibe mafuta ya mitambo, tusiuze eneo moja kwa watu wawili, tusidai kazi tusiyokusudia kuifanya.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi 3. Siku hiyo nendeni, kina mama msibaki jikoni. Mtu yeyote akisimama kusifu uhusiano mwema, mwenyekiti amwulize kwa heshima: ni wa nani na nani, huyu anatoa nini, na yule anatoa nini? Mtendaji wa kijiji aandike majibu yote kwenye muhtasari, asome kwa sauti, na mkutano ujao aanze kwa kuyasoma tena.